Kutoa LDH kwenye kidari cha kuku, na kwa nini usimwage kitu kabla hujakipima

Siku ya zoezi hili la maabara huwa nafika soko la kuku la Shekilango, Dar es Salaam, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ndoo yangu ya plastiki imejaa barafu hadi nusu. Kijana anayenichinjia ameshanizoea.

"Shikamoo mama. Leo kidari tu au na moyo?"

"Marahaba. Vyote viwili, na usiloweke kwenye maji ya moto."

Hilo la maji ya moto lilimshangaza mwanzoni. Wateja wengine wote wanataka kuku anyonyolewe vizuri. Mimi nataka achunwe na ngozi yake, kifua kisipate joto hata kidogo. Anachuna, anakata kidari, anakitia kwenye mfuko, mfuko unazama kwenye barafu. Mapaja na mgongo namwachia yeye, kwa sababu kitu kikishaingia maabara hakirudi jikoni. Kuanzia kisu hadi barafu hazipiti dakika kumi. Ukiwa mbali na soko, kuku wa friza anafaa pia, kwa kuwa kimeng'enya tunachokitafuta (protini inayoharakisha tendo la kemia) ni kivumilivu, ila utapata kidogo zaidi: kuganda na kuyeyuka kunapasua seli, na vimeng'enya vinavyokata protini vinaanza kazi kabla yako.

Tunachokitafuta ni laktati dehidrogenezi. Maabara nzima tunasema LDH, na hapa nitasema hivyo hivyo. Msuli ukifanyishwa kazi kuliko oksijeni inavyoufikia, sukari inavunjwa mpaka kuwa piruveti, kisha LDH inaigeuza piruveti kuwa laktati. Katika tendo hilo hilo NADH, molekuli inayobeba elektroni ndani ya seli, inarudi kuwa NAD+, yaani iliyokwishazitua, na hiyo ndiyo faida yenyewe, maana bila NAD+ uvunjaji wa sukari unakwama.

Kidari cha kuku kina LDH nyingi kwa sababu kuku ni wa kupuruka ghafla hadi juu ya ukuta, basi, amemaliza. Msuli wake mweupe umeumbwa kwa kazi ya sekunde chache. Kila LDH imeundwa kwa vipande vinne, na vipande viko vya aina mbili: M, ambayo imejaa kwenye misuli, na H, ambayo imejaa kwenye moyo. Vikichanganyika vinatoa aina tano, kutoka M4 hadi H4. Markert na Møller ndio waliozipa aina kama hizi jina la isozaimu, mwaka 1959. Miaka minne baadaye, 1963, Wilson, Cahn na Kaplan walilinganisha vifua vya ndege mbalimbali wakakuta kwamba wale wa safari ndefu angani wana H nyingi kifuani, na kuku wa kufugwa ana M. Ndiyo maana nanunua na moyo wa kuku yule yule. Ndege mmoja anakupa aina zote mbili, na mwishoni unakuwa na cha kulinganisha.

Bafa kwanza, kuku baadaye

Bafa, yaani maji yanayozuia pH isiyumbe, inaandaliwa jana yake. Kwa lita moja weka Tris milimola 10, EDTA milimola 1 na 2-merkaptoethanoli milimola 1, pH 7.4. Merkaptoethanoli inanuka mayai viza, kwa hiyo ipimie ndani ya kabati la kuvuta hewa; jirani zako watakushukuru. Usiiache kwa sababu ya harufu. LDH ina sistini karibu na pale inapofanyia kazi, na sistini hiyo ikiungua kwa oksijeni kimeng'enya kinalegea.

Tris ina tabia ambayo wengi hawaambiwi: pH yake inapanda inapopoa, karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Maabara yetu feni ikiwa inazunguka ina nyuzi 28. Ukirekebisha pH juu ya meza ikawa 7.4, kisha ukaiweka kwenye jokofu la nyuzi 4, utakuwa unafanya kazi kwenye pH karibu 8.1 bila kujua. Dawa yake ni rahisi: weka bika kwenye barafu, subiri ipoe, ndipo uitie tindikali huku kipimo cha pH kikiwa kimerekebishwa kwa baridi hiyo hiyo.

Asubuhi ya kazi ongeza PMSF hadi milimola 1. Hii inazuia vimeng'enya vinavyokata protini. Iyeyushe kwenye isopropanoli, maana haipendi maji na ikishaingia kwenye maji inaharibika baada ya muda mfupi. Ni sumu. Vaa glavu, na usiipime juu ya mizani karibu na feni.

Kusaga

Ondoa mafuta na utando mweupe, kata vipande vidogo, pima gramu 50. Tia kwenye blenda pamoja na mililita 150 za bafa baridi. Jagi la blenda nalilaza kwenye friza usiku kucha. Saga sekunde 30, pumzika dakika moja huku jagi likiwa kwenye barafu, rudia mara nne. Ukisaga mfululizo utapata povu kama la sabuni na jagi litakuwa na joto. Povu hilo ni protini zilizokunjuka, na hazirudi tena kwenye umbo lake.

Rojo lichuje kwa shashi iliyokunjwa mara mbili, kamua taratibu, halafu lipeleke kwenye sentrifuji nyuzi 4, nguvu ya 15,000 g, dakika 20. Nasema g makusudi. Mtu akikuambia "zungusha elfu kumi" muulize ni mashine gani. Kanuni ni 0.00001118 mara nusu kipenyo cha rota kwa sentimita mara mizunguko kwa dakika iliyojizidisha yenyewe. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kwa mizunguko 10,000 inakupa g 11,180 tu. Na neli zinazotazamana zisawazishwe kwa mizani. Usiamini macho.

Juu kutakuwa na utando wa mafuta. Pitisha maji ya juu kwenye pamba ya kioo, mafuta yatabaki. Pima ujazo kwa silinda, andika. Siku nyingi napata mililita 150 au karibu na hapo.

Sasa, kabla ya kuendelea, chukua mililita moja, iweke kwenye kichupa, kiandike namba 1, kiweke kwenye barafu. Kila hatua itakayofuata inaacha kichupa chake. Na hakuna kinachomwagwa, hata kama kitabu kinasema ni takataka, mpaka umekipima.

Sheria hii niliipata kwa hasara. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa naandaa LDH kwa darasa zima. Nilikata kwa chumvi mara ya kwanza, nikaona mashapo meupe mazuri chini ya neli, nikasema ndiyo haya. Maji ya juu nikayamwaga kwenye sinki, nikafungulia bomba. Mashapo niliyapima baada ya chakula cha mchana. Yalikuwa na LDH kiasi cha kukwaruza tu. Kazi ya asubuhi nzima na kuku wawili vilikuwa vimeshafika kwenye mfereji. Mwalimu wa somo hakunigombeza, aliniuliza tu, "Maji ya juu yako wapi?" Nikaona afadhali angenigombeza.

Chumvi

Chumvi yenyewe ni salfeti ya amonia. Ndiyo, ni ile ile wakulima wanayoiita SA. Kila mwaka yupo mwanafunzi mmoja mwenye shamba kwao anayeuliza kwa nini tusinunue mfuko wa mbolea ukaisha mwaka. Kwa sababu mbolea haikusafishwa kwa kazi hii, na madini kidogo tu ya ziada yanatosha kukuharibia kimeng'enya chenye sistini. Nunua ya maabara, iliyo safi, uisage kwenye kinu iwe unga laini.

Protini huelea kwenye maji kwa kuwa zimezungukwa na maji. Ukiongeza chumvi nyingi, chumvi inajivutia maji hayo, na protini zinaanza kushikamana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinazama. Kila moja ina kiwango chake cha kuzama, na LDH inabaki juu pale chumvi inapofika asilimia 40 ya kushiba (kushiba ni pale maji hayawezi tena kuyeyusha chumvi zaidi), inazama kabla ya 65. Kwa nyuzi 0, kufika asilimia 40 kunahitaji gramu 22.6 kwa kila mililita 100. Mimi nina mililita 150, kwa hiyo gramu 33.9.

Bika liwe kwenye barafu juu ya kikorogeo cha sumaku. Kasi iwe ya kuzungusha bila kutoa povu. Nyunyiza unga kwa ncha ya kijiko, subiri uyeyuke, nyunyiza tena. Maliza baada ya dakika 20, si kabla. Ukimwaga rundo, pale unapodondokea chumvi inakuwa imeshiba kabisa na kila kitu kinazama hapo, LDH ikiwemo. Acha ikoroge dakika 20 nyingine, zungusha g 15,000 dakika 20.

Maji ya juu ndiyo yako. Yamepata ujazo zaidi kidogo, kwangu mililita 160. Kutoka 40 kwenda 65 kunahitaji gramu 15.3 kwa mililita 100, yaani gramu 24.5. Rudia yote yale yale. Safari hii LDH iko kwenye mashapo. Na kwa kuwa viwango hivi vinabadilika kidogo kati ya mnyama na mnyama, ukifanya ng'ombe au mbuzi kwanza chukua mililita 5, zikate kwa 30, 40, 50, 60 na 70, pima kila moja, ndipo ugusie zile nyingi.

Mashapo yaliyo chini ya chumvi ndiyo mahali salama pa kusimamia kazi. Umeme ukikatika mchana, au saa zikikuishia, yafunike, yaweke kwenye jokofu, nenda nyumbani. Kesho utayakuta. Mimi hilo la umeme limenikuta sentrifuji ikiwa katikati ya mzunguko. Niliziacha neli zisimame zenyewe, nikazitoa polepole, nikazilaza kwenye barafu, nikazungusha upya umeme uliporudi.

Kupima

Hapa ndipo zoezi linasimama au linaanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

NADH inameza mwanga wa nanomita 340, NAD+ haiumezi. Kwa hiyo kadiri LDH inavyofanya kazi, namba kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga uliomezwa, inashuka, na kasi ya kushuka ndiyo kasi ya kimeng'enya. Kwenye kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita 1, NADH ya milimola 1 ingesoma 6.22. Hiyo ndiyo namba utakayoigawia.

Kwa ujazo wa mililita 1 mchanganyiko wangu ni huu: bafa ya fosfeti milimola 50 yenye pH 7.5, NADH milimola 0.2, piruveti milimola 1. Kabla ya kuweka kimeng'enya, soma. Inapaswa kuwa karibu 1.24. Ikisoma 0.9, NADH yako imechoka. NADH inaharibika kwenye tindikali, NAD+ inaharibika kwenye alkali, kwa hiyo NADH iyeyushe kwenye bikaboneti ya sodiamu hafifu, ya siku hiyo hiyo, na neli uizungushie karatasi ya fedha.

Subiri dakika moja uone namba imetulia. Tia mikrolita 20 za sampuli, funika kwa parafilm, pindua mara mbili, rudisha, anza kusoma kila sekunde 10 kwa dakika moja. Nyuzi 25.

Sampuli lazima izimuliwe. Rojo la kuku ambalo halijazimuliwa lina takriban yuniti 120 kwa mililita (yuniti moja ni mikromoli moja kwa dakika), na mikrolita 20 zake zinamaliza NADH yote kwenye kuveti kwa sekunde tano hivi. Wewe bado unafunga kifuniko. Ukisoma unakuta 0.05, haishuki, haipandi. Miaka michache iliyopita binti mmoja alinijia na daftari lake ameandika "hakuna kimeng'enya" kwa wino mwekundu, kapigia mstari. Nilimwambia arudie akiwa amezimua mara 100. Akarudi anacheka, mstari unashuka kama ngazi. Kwa hiyo ukiona mstari tambarare, kwanza angalia umelala wapi: ukiwa juu kwenye 1.2, kimeng'enya hakipo au kimekufa. Ukiwa chini karibu na sifuri, kipo kingi mno.

Cha kuzimulia kiwe bafa yenye albumini miligramu 1 kwa mililita, kwa sababu LDH ikiwa chache mno inajishikiza kwenye ukuta wa neli. Ila neli hiyo usije ukaipeleka kwenye kipimo cha protini; utakuwa unapima albumini.

Hesabu ya mfano. Kwa sampuli namba 1 iliyozimuliwa mara 100, usomaji unashuka 0.150 kwa dakika. Gawa kwa 6.22, unapata mikromoli 0.0241 kwa dakika ndani ya kuveti. Zimetoka kwenye mililita 0.02, kwa hiyo gawa tena: 1.206 kwa mililita. Zidisha kwa 100 kwa sababu ya kuzimua: yuniti 120.6 kwa mililita. Mara mililita 150: yuniti 18,090.

Protini ipime kwa njia aliyoitoa Bradford mwaka 1976, rangi ya Coomassie kwenye nanomita 595, na mchoro wa viwango wa albumini uchorwe siku ile ile. Mchoro wa wiki iliyopita ni wa wiki iliyopita.

Kutoa chumvi, kisha kolamu ya bluu

Mashapo yayeyushe kwa bafa mililita 10, yatie kwenye mfuko wa dayalisisi unaozuia kuanzia daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 12,000 hadi 14,000, ili chumvi itoke na protini ibaki. Acha theluthi ya mfuko tupu. Chumvi iliyomo ndani inavuta maji, mfuko unavimba, na uliojazwa hadi juu utapasuka usiku. Utumbukize kwenye lita moja ya bafa baridi, badilisha mara tatu, kila moja angalau saa nne. Kujua kama chumvi imeisha, chukua matone machache ya bafa ya nje, dondoshea kloridi ya bari. Weupe ukitokea, salfeti bado ipo. Kloridi ya bari ni sumu. Isimwagwe kwenye sinki.

Kolamu, yaani bomba lililojazwa chembe ambazo sampuli hupitishwa katikati yake, tunayotumia ni ya agarosi iliyofungwa rangi ya Cibacron Blue. Rangi hiyo iligunduliwa kwa ajili ya nguo, lakini umbo lake linaingia pale kwenye LDH ambapo NADH hukaa. Protini nyingine nyingi zinapita, LDH inang'ang'ania. Mimi napakia kolamu ya mililita 10, naiosha kwa Tris milimola 20 yenye pH 8.0, napitisha sampuli polepole, kama nusu mililita kwa dakika, kisha naosha mpaka usomaji wa nanomita 280 unashuka chini ya 0.05. Yaliyopita yote yanakusanywa na kupimwa. Ukikuta LDH nyingi kwenye yaliyopita, ama chumvi haikuisha, ama umepakia kupita uwezo wa kolamu.

Kuing'oa, tumia NADH milimola 1 kwenye bafa ile ile. NADH inakuja na funguo yenyewe, LDH inaiachia rangi na kuifuata NADH. NADH ni ghali. Chumvi ya kawaida ya mola 1.5 nayo inaing'oa kwa bei ya jikoni, ila inashuka na wasafiri wengine. Kwa darasa la kwanza natumia chumvi. Kwa anayetaka kupima Km, yaani ukolezo wa piruveti unaokipa kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu, natumia NADH.

Kusanya mililita mbili mbili. Usifuate protini kwa nanomita 280 hapa, maana NADH nayo inameza mwanga huo na itakudanganya. Pima LDH kwenye kila neli, unganisha zile zenye nguvu.

Daftari langu la zoezi moja lilitoka hivi:

Rojo lililochujwa: mililita 150, yuniti 18,090, protini miligramu 2,250, yuniti 8 kwa miligramu.

Baada ya chumvi na dayalisisi: mililita 20, yuniti 12,000, protini miligramu 600, yuniti 20 kwa miligramu. Usafi umepanda mara 2.5, imebaki asilimia 66.

Baada ya kolamu: mililita 14, yuniti 7,000, protini miligramu 20, yuniti 350 kwa miligramu. Usafi mara 44, imebaki asilimia 39.

Angalia safu ya yuniti. Zile 6,090 zilizopotea kwenye hatua ya chumvi zinapaswa kuonekana mahali: kwenye mashapo ya asilimia 40, kwenye maji ya juu ya 65, au zimekufa. Kwa kuwa vichupa vyote vipo kwenye barafu, unazitafuta. Siku hiyo nilikuta karibu nusu yake kwenye maji ya juu ya 65, nikajua mara nyingine nipandishe hadi 70.

Ni yenyewe?

Kwenye jeli ya SDS (sabuni inayotenganisha vipande vya protini ili vipangwe kwa ukubwa) ya asilimia 12, panga vichupa vyako kuanzia namba 1 hadi cha kolamu, ubavuni weka protini za vipimo. Mstari wa kwanza utakuwa umejaa kama bakora. Wa mwisho unapaswa kuwa na utepe mmoja mzito karibu na daltoni 35,000. Hicho ni kipande kimoja kati ya vinne. Ukipitisha sampuli kwenye kolamu ya kuchuja kwa ukubwa bila SDS, itashuka kama kitu cha takriban 140,000. Hapo umeona kwa mikono yako kwamba ni vinne. Akrilamidi ya maji inadhuru neva, kwa hiyo glavu mpaka imeganda.

Jeli isiyo na SDS inapendeza zaidi. Iloweke kwenye laktati, NAD+, methosalfeti ya fenazini na nitrobluu tetrazoli, gizani, na popote LDH ilipo patatokea utepe wa zambarau. Pakia kidari na moyo ubavu kwa ubavu. Vitasimama mahali tofauti, na darasa huwa linanyamaza.

Kwa Km, kwanza ondoa NADH ya kolamu kwa dayalisisi. Weka NADH ile ile ya milimola 0.2, badilisha piruveti: 0.05, 0.1, 0.2, 0.3, 0.5, 1, 2 na milimola 5, kila moja mara tatu. M4 ya kuku hutupa karibu milimola 0.3, H4 ya moyo karibu 0.1. Mchoro wa kinyume wa Lineweaver na Burk wa mwaka 1934 chora kwa kuona umbo, lakini usiuamini kwa namba. Unazipa uzito mkubwa zile sampuli za piruveti kidogo ambazo ndizo zenye makosa makubwa. Mchoro uliopinda ambao kompyuta inaupitisha moja kwa moja kwenye kasi na ukolezo ni bora. Ukiona kwenye moyo kasi inarudi chini piruveti ikizidi, hujakosea: H4 inazuiwa na piruveti nyingi, M4 inavumilia zaidi. Ukiwa na oksameti, inayofanana na piruveti, itie kwenye kuveti nyingine uone inavyogombania kiti na piruveti.

Jaribio la joto linachukua dakika 20. Pasha kidari na moyo nyuzi 60, chukua kidogo kila dakika tano, poza, pima. Cha moyo kitabaki kikifanya kazi muda mrefu zaidi.

Kuhifadhi

Usiigandishe. Markert mwaka 1963 aliigandisha LDH kwenye chumvi ya kawaida, akaiyeyusha, akakuta vipande vimeachana na kuungana upya kwa mchanganyiko mwingine. Kwake ulikuwa ugunduzi. Kwako itakuwa sampuli iliyoharibika. Irudishe kwenye salfeti ya amonia, mola 3.2, iwe kama maziwa mepesi, weka jokofuni nyuzi 4. Inakaa miezi. Kabla ya kuitumia pindua chupa taratibu, chota pamoja na weupe wake. Ukichota maji ya juu peke yake utapata kidogo sana, na utaanza tena kutafuta imekwenda wapi.

Chupa yetu ya sasa ina kipande cha plasta: kidari, broila, mililita 14, yuniti 500 kwa mililita, tarehe, na jina la aliyeipima mara ya mwisho.